Jicho Halikwambii Lisichokiona

Nyoosha mikono yote miwili mbele yako, vidole gumba vikiwa wima na vikigusana. Fumba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia, tazama ukucha wa gumba la kushoto na usiuachie hata kidogo. Sasa sogeza mkono wa kulia taratibu kuelekea kulia, kwa usawa uleule. Ukifika kama sentimita 15 hivi kutoka gumba la kwanza, ncha ya gumba la kulia itatoweka. Haitafifia wala kugeuka nyeusi, haitakuwapo tu. Endelea kusogeza, itarudi.

Kama haikutoweka, rudia. Jicho lina tabia ya kuchungulia upande kunakotokea mwendo, na likichungulia tu jaribio linaharibika.

Tundu hilo la kuona, liitwalo doa la upofu, umelibeba tangu kuzaliwa. Lipo katika kila jicho, nalo si dogo: miezi mipevu kama 10 iliyopangwa mstari ingeweza kufichika ndani yake. Hata hivyo binadamu walilenga mishale, wakasoma nyota na kuandika vitabu kwa vizazi na vizazi bila kulishtukia, mpaka Mfaransa Edme Mariotte alipolibaini katika miaka ya 1660.

Chanzo chake ni namna jicho lilivyojengwa. Nyuma ya jicho kumetandazwa utando mwembamba uitwao retina, wenye seli zinazopokea mwanga. Seli hizo zina nyuzi za neva za kupeleka habari kwenye ubongo, na ajabu ni kwamba nyuzi zimepita mbele ya seli, upande uleule unakotokea mwanga. Ili zitoke nje ya jicho inabidi zikusanyike mahali pamoja, nyuzi zipatazo milioni 1, na kuitoboa retina. Hapo zinapotokea hapana seli hata moja ya kupokea mwanga. Pweza jicho lake limejengwa vingine: nyuzi zimepita nyuma ya retina, na yeye hana doa la upofu.

Sasa mbona hatulioni doa hilo siku zote? Kwanza, jicho moja hulifidia jingine, kwa sababu madoa ya macho mawili hayaangukii sehemu moja. Pili, hata ukifumba jicho moja, ubongo huliziba pengo kwa kuazima rangi na michoro ya jirani. Pembeni pakiwa na ukuta mweupe, utaona ukuta mweupe. Pakiwa na mistari, mistari itaungana. Haukuombi ruhusa wala haukujulishi kwamba umeziba. Haya ndiyo nitakayoyafuata mpaka mwisho, maana ubongo huohuo unaotupa picha iliyokamilika ndio unaotuficha ugonjwa mpaka jicho liwe limekwisha kuharibika.

Wazo hili lina umri mkubwa. Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra mwaka 965 na kufanya kazi zake Kairo, alipinga imani ya kale kwamba macho hurusha miale ili yaone, akaonyesha kwamba mwanga ndio unaoingia jichoni. Akaongeza jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: kwamba mengi tunayodhani tunayaona, kwa kweli tunayahukumu, na hukumu hiyo hupita upesi mno hata mwenyewe huitambui. Hadi leo sijapata maelezo mafupi ya kuona yanayozidi hayo.

Dirisha la ukubwa wa ukucha

Katikati ya retina kuna kishimo kiitwacho fovea, ambacho upana wake haufiki milimita 2. Hapo tu ndipo tunapoona kwa ukali wa kutosha kusoma. Nyoosha mkono, tazama ukucha wa gumba lako: eneo unaloliona vizuri kabisa halizidi sana ukucha huo. Kilichobaki chote, kutoka sikio hadi sikio, ni ukungu wenye mwendo. Ukitaka uhakika, likazie neno moja katikati ya mstari huu, kisha jaribu kulisoma neno la nne kutoka hapo bila kulisogeza jicho.

Kwa kuwa dirisha ni dogo, macho huruka kutoka mahali hadi mahali, kama mara 3 kwa kila sekunde, yakiokota vipande ambavyo ubongo unaviunga. Kila yanaporuka, taswira ya dunia nzima hukokotwa juu ya retina kwa kasi kubwa. Tungeiona mikokoto hiyo, tungetapika. Ubongo huipunguza nguvu mpaka isihisike. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, halafu la kulia, halafu la kushoto tena. Hutayaona macho yako yakienda. Mwombe mtu aliye karibu akutazame unapofanya hivyo, atakwambia yanakwenda waziwazi.

Wahenga walituambia macho hayana pazia, kwa maana kwamba huwezi kumzuia mtu kutazama. Pazia la nje kweli halipo, ila la ndani lipo na huvutwa saa zote. Hata kope ni hivyo: mtu aliye macho hupepesa kama mara 15 au 20 kwa dakika, na ukizijumlisha nukta hizo za giza kwa siku nzima unapata si chini ya nusu saa. Nani anaikumbuka nusu saa hiyo?

Usiku una maajabu yake. Retina ina aina mbili kuu za seli za kuonea. Koni, zilizochongoka kama pia, ni kama milioni 6, na kazi yake ni rangi na maelezo madogo madogo panapokuwa na mwanga. Rodi, zilizonyooka kama fito, ni kama milioni 120. Hazijui rangi, lakini zinahisi mwanga kidogo kupita kiasi. Mwaka 1942 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walifikia hitimisho kwamba rodi moja huweza kuitikia chembe moja tu ya mwanga. Mwanga hauwezi kuwa mdogo kuliko hapo.

Katikati kabisa ya fovea hakuna rodi. Ndiyo sababu nyota hafifu hupotea ukiikazia, na hurudi ukitazama pembeni yake kidogo. Rodi pia haziuoni wekundu, kwa hiyo jua likizama ua jekundu huwa jeusi mapema huku majani yake yakibaki yameng'aa. Jan Purkinje, mwanasayansi wa Bohemia, aliliandika jambo hili miaka 200 iliyopita. Na kwa kuwa rodi huhitaji karibu nusu saa ya giza kufikia uwezo wake kamili, kutupia macho skrini mara moja tu usiku hukurudisha karibu mwanzo.

Kemikali inayozifanya rodi zihisi mwanga hutokana na vitamini A. Ikipungua mwilini, dalili ya kwanza huwa ni kutoona magharibi inapoingia, na mtoto asipotibiwa konea yake, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, hukauka, huchubuka na kupasuka. Upofu wa namna hii huwapata watoto wadogo, nao unazuilika kabisa, jambo ambalo hunichoma kila ninapolifikiria. Lakini aliye na vitamini A ya kutosha hapati macho makali zaidi kwa kuongeza. Hadithi ya karoti na macho ya usiku ilivumishwa sana wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iliposema marubani wake wanadungua ndege gizani kwa sababu ya kula karoti. Ndege zao zilikuwa zimefungwa rada, na rada ilikuwa siri.

Wema unaogeuka hasara

Ndani ya jicho, mbele ya lenzi, kuna maji maangavu. Si machozi, haya hayatoki nje. Hutengenezwa mfululizo na kuondolewa mfululizo, kama beseni lenye bomba linalotiririka juu na tundu la kutolea maji chini. Njia ya kutokea ikiziba kidogo, shinikizo ndani ya jicho hupanda. Shinikizo huzikandamiza zile nyuzi milioni 1 palepale zinapotokea, nazo huanza kufa. Ugonjwa huu ni glakoma, na wengi huuita presha ya macho. Jina hilo limewapotosha watu wengi: si presha ya damu, na mtu ambaye presha yake ya damu ni nzuri kabisa anaweza kuwa nao. Shinikizo la kawaida la jicho huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, lakini wapo ambao neva zao hufa hata shinikizo likiwa ndani ya kiwango hicho. Kwa hiyo daktari makini hatosheki na namba ya shinikizo. Huichunguza neva yenyewe, na hupima eneo ambalo mgonjwa anaweza kuliona bila kusogeza jicho.

Aina iliyoenea ya glakoma haiumi, haiwashi, haileti wekundu. Huanzia pembeni na kujongea katikati kwa miaka. Na hapo ndipo ubongo unapofanya ile kazi yake ya siku zote: unaliziba pengo. Ule ustadi uliolificha gumba lako mwanzoni ndio huohuo unaolificha tundu linalopanuka. Vipeperushi vingi huionyesha glakoma kama mtu anayechungulia kupitia bomba jeusi, na kwa maoni yangu picha hiyo imeleta madhara, maana mtu hukaa akisubiri weusi usiokuja. Wagonjwa wakiulizwa, wengi hutaja ukungu, au vitu vinavyokosekana na kuchomoza ghafla. Gari ambalo halikuwapo, sasa lipo. Ngazi ya mwisho haikuonekana. Mtu anajigonga begani kwenye mlango uleule mara kwa mara na kujiona amekuwa mzembe. Wakati huohuo anasoma herufi ndogo bila shida, kwa sababu katikati bado pazima, na ndiyo hoja anayoitoa akikataa kwenda kupimwa.

Nyuzi zilizokufa hazirudi. Matone ya kila siku, miale ya leza na upasuaji huzilinda zilizobaki tu, kwa hiyo thamani yote iko katika kuwahi. Walio hatarini zaidi ni waliofika miaka 40 na kuendelea, wenye asili ya Afrika, wenye tatizo kubwa la kutoona mbali, waliotumia kwa muda mrefu dawa za steroidi, zile za kutuliza uvimbe na wekundu, na hasa wenye mzazi au ndugu wa damu mwenye ugonjwa huu. Kama umeambiwa una glakoma, waambie ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako siku hiyohiyo. Watu huficha maradhi kwa aibu. Hili halina la kuonea aibu, na ukimya wako unaweza kumgharimu mdogo wako macho.

Kisukari hupita njia hiyohiyo ya kimya. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa midogo ya damu ya retina huvuja na kuziba, na mtu huendelea kuona vizuri mpaka siku damu inapomwagika ndani ya jicho. Kila mwenye kisukari anapaswa kuangaliwa retina kila mwaka, hata kama anauona unywele ulioanguka sakafuni. Retina haina hisia ya maumivu, kwa hiyo hata mtu anayelitazama jua wakati wa kupatwa huiunguza bila kuhisi lolote, akagundua baadaye kwamba katikati ya kila kitu pamebaki kivuli.

Kwa watoto jambo hili lina sura nyingine. Mtoto hana cha kulinganisha. Aliyezaliwa akiona ukungu anadhani dunia ndivyo ilivyo, hawezi kulalamika. Zaidi ya hapo, jicho lake moja likiwa na kasoro, au likiwa na kengeza, ubongo unaochipukia huamua kulitegemea lile zuri na kulipuuza la pili. Likipuuzwa muda mrefu, hukosa kujifunza kuona, na baadaye hata miwani sahihi haitalirudishia uwezo wake wote. Tiba ni kumpa miwani na mara nyingi kulifunika jicho zuri kwa saa kadhaa kwa siku ili lile dhaifu lifanyishwe kazi, na tiba hii hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7 hivi. Mtoto anayelia ukimfunika jicho moja lakini hajali ukimfunika jingine anakueleza jambo kwa lugha yake. Na ukiona katika picha iliyopigwa kwa flashi kwamba mboni ya mtoto inang'aa nyeupe badala ya nyekundu, mpeleke kwa daktari wa macho bila kungoja. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani ya retina, ambayo ikiwahiwa mtoto hupona.

Hata mtu mzima mwenye akili nyingi anaweza kuishi miaka bila kujua. John Dalton, mwanakemia wa Uingereza, alikuwa tayari mwalimu wa sayansi alipogundua kwamba hatofautishi baadhi ya rangi. Ua la jerania ambalo wenzake waliliita la waridi, yeye mchana aliliona la buluu, na usiku kwa mwanga wa mshumaa likageuka jekundu. Alipowauliza wengine wakashangaa kusikia kwamba linabadilika. Ni kaka yake tu aliyeona kama yeye. Mwaka 1794 akaliwasilisha suala hilo mbele ya wanazuoni wa Manchester, akidhani majimaji ya ndani ya jicho lake yana rangi ya buluu, na akaacha wosia macho yake yachunguzwe akifa. Alipofariki mwaka 1844 yakafunguliwa, majimaji yakakutwa hayana rangi. Vipande vya macho hayo vilihifadhiwa, na mwaka 1995 watafiti walipima vinasaba vyake wakakuta amekosa aina moja ya koni, ile inayoitikia zaidi kijani. Wosia wake ulijibiwa baada ya miaka 151. Tatizo hili hukaa kwenye kromosomu X, mojawapo ya vibeba vinasaba, ambayo mwanamume anayo moja na mwanamke mbili, ndiyo maana linawapata wanaume wengi kuliko wanawake: kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu mwanamume 1 kati ya 12, na mwanamke 1 kati ya 200.

Kuna upande wa mwisho wa tabia hii ya kuziba mapengo, na watu wengi huteseka nao kwa siri. Mtu aliyepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona huanza kuona vitu visivyokuwapo: nyuso, watu wadogo waliovaa vizuri, michoro ya vigae, wanyama. Havisemi, havina harufu, na mwenyewe anajua si vya kweli. Mswisi Charles Bonnet aliieleza hali hii mwaka 1760 baada ya kumsikiliza babu yake, mzee wa karibu miaka 90 mwenye mtoto wa jicho, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Si wazimu, si mashetani, si mtu aliyerogwa. Ni ubongo uliozoea kupokea picha, na zisipokuja hujitengenezea zake. Wazee wengi hawasemi kwa kuhofia kuonekana wamerukwa na akili. Kama una mzee ambaye macho yamefifia, muulize kwa upole, umweleze kwamba jambo hili lina jina. Mara nyingi kulijua tu humwondolea mtu hofu.

Skrini, miwani na yanayosemwa

Mengi yanayotuhangaisha kila siku hayana uzito kama hayo. Kusoma kwenye mwanga hafifu huchosha, hakuharibu macho. Miwani sahihi haiyafanyi macho yawe mavivu. Aliyeivua akaona vibaya kuliko zamani ni kwa sababu sasa anajua kuona vizuri kukoje. Na kumpa mtoto miwani yenye nguvu pungufu kwa makusudi, ili macho yasizoee, si busara: utafiti uliofanywa Malaysia na kuchapishwa mwaka 2002 uliwakuta watoto wasioona mbali waliopewa miwani pungufu wakiongezeka tatizo upesi zaidi kuliko wenzao waliopewa miwani kamili.

Skrini nazo husingiziwa. Mwanga wa buluu unaotoka kwenye simu ni mdogo sana ukilinganishwa na wa mchana wa nje, na mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2023 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa tiba, hayakuona kwamba miwani ya kuchuja buluu inapunguza uchovu wa macho. Sioni sababu ya mtu kuongezewa bei kwa ajili hiyo. Kinachochosha ni vitu viwili vya kawaida. Cha kwanza, tukikodolea skrini tunapepesa nusu ya kawaida au chini ya hapo, na konea hukauka. Konea haina mishipa ya damu, kwa kuwa ingekuwa nayo isingekuwa angavu. Hewa yake huipata kupitia machozi yanayoifunika, na imejaa neva za hisia kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili. Ikikauka kidogo tu, utajua. Cha pili, msuli unaoibadili lenzi umbo ili uone karibu hukazwa saa nyingi bila kupumzishwa. Kila dakika 20 inua macho, tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, na upepese kope kwa ukamilifu mara kadhaa. Ukifanya hivyo kweli, badala ya kukumbuka tu kwamba unapaswa kufanya, utaona tofauti.

Tatizo la kweli katika maisha ya ndani ya nyumba ni la watoto. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa kama milimita 17, la mtu mzima kama 24. Katika kukua huko, jicho likirefuka kupita kiasi picha huangukia mbele ya retina na mtoto haoni mbali. Idadi ya watoto wa namna hii inaongezeka duniani. Huko Guangzhou, China, shule kadhaa ziliongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku kwa miaka 3. Katika shule hizo walioanza kupata tatizo walikuwa kama asilimia 30, na katika shule zisizobadilisha kitu karibu asilimia 40. Hakuna dawa iliyotumika, ni kutoka nje tu. Mwanga wa nje hushinda wa ndani mara nyingi mno, hata siku yenye mawingu, na inaelekea ndio unaolituma jicho kupunguza kurefuka.

Wazazi wao nao wana lao. Lenzi huendelea kukua maisha yote, tabaka juu ya tabaka, na kwa kukua hukakamaa. Ikifika miaka 40 na kitu, mkono hauwi tena na urefu wa kutosha kushikia gazeti. Hilo halina kinga wala mazoezi. Ni miwani ya kusomea. Miaka ikisogea zaidi lenzi hupoteza uangavu, na huo ndio mtoto wa jicho, chanzo kikuu cha upofu duniani. Hakuna matone yanayouondoa. Lenzi iliyochafuka hutolewa na kuwekwa ya bandia, upasuaji wa muda mfupi ambao wagonjwa wengi hufanyiwa wakiwa macho. Aliyeanzisha ni Harold Ridley, daktari wa London. Aliwatibu marubani wa vita waliorukiwa na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege, akaona vipande vile vinakaa ndani ya jicho bila jicho kuvikataa. Mwezi Novemba 1949 akapandikiza lenzi ya plastiki ya aina hiyo kwa mara ya kwanza. Wakubwa wa fani yake walimpinga kwa miaka mingi.

Kwa kuwa mtoto wa jicho huweza kuanzia upande mmoja, na jicho zima hulibeba gonjwa, jizoeze kufunika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, ukatazama maandishi ya mbali, kisha jingine. Tazama na fremu ya dirisha: mistari iliyonyooka ikionekana imepinda kwa jicho moja, huenda kitovu cha retina kina tatizo. Jaribio hili halichukui dakika moja, ingawa haliwezi kuonyesha glakoma changa.

Nina ombi moja kuhusu matone. Jicho likiwa jekundu, usitumie chupa ya jirani wala iliyobaki mwaka jana. Matone mengi yamechanganywa steroidi, ambayo hutuliza wekundu haraka na kumfanya mtu aipende dawa, ilhali ikitumiwa miezi kadhaa bila uangalizi hupandisha shinikizo na kuleta glakoma, na kama wekundu ulitokana na virusi vya malengelenge, huweza kuitoboa konea. Lenzi za kuvaa jichoni zisisuuzwe kwa maji ya bomba wala mate. Ndani ya maji huishi amiba ambaye akiingia kwenye konea ni vigumu mno kumtoa. Na kemikali ikirukia jichoni, isubirishe safari ya hospitali: kwanza suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20 mfululizo, kope zikiwa zimefunguliwa, ndipo ukimbie.

Vimebaki vile vidoa vinavyoelea ukitazama anga jeupe, kama nyuzi au utando wa buibui vinavyokimbia ukivifuata. Ute unaojaza jicho husinyaa kadiri miaka inavyokwenda, na vidoa ni vivuli vya mafundo yake. Vichache ulivyovizoea havina neno. Ubongo utavizoea uache kuvionyesha, kama unavyoficha mishipa ya damu iliyo mbele ya retina yako mwenyewe. Lakini vikija vingi kwa mara moja, kama mvua ya masizi, pamoja na vimulimuli vya mwanga pembeni ya jicho hata ukiwa gizani, huenda ute umeivuta retina ukaichana. Kisha kivuli huanza upande mmoja na kupanda au kushuka. Hili ni pazia la kweli, na halitakuuma. Likiwa bado halijafika katikati, upasuaji huweza kuyaokoa maono ya kusomea. Likishapita hapo, mara nyingi hayarudi kama yalivyokuwa. Kama ni saa 5 usiku, nenda saa 5 usiku.